Seva Iliyoitwa Kisima

Lavender Kemunto aliajiriwa katika Hospitali ya Nyangate ili awe macho. Ndivyo meneja, Bwana Ogeto, alivyomwambia siku aliyoripoti kazini, wakiwa wamesimama kwenye dirisha la ofisi yake orofani, ambapo ukigeuka huku unaona mabati ya mji wa Kisii, ukigeuka kule unaona barabara inayoteremka kwenda Nyakoe.

"Kompyuta tunazo," alisema Bwana Ogeto. "Mtu wa kuzitengeneza pia tunaye, Onyancha. Amekaa nazo tangu hospitali ifunguliwe. Lakini hakuna anayejua anafanya nini mle ndani. Mimi nataka kujua. Kila Jumatatu nipate ripoti mezani: mashine gani ilizima, nani aliingia, nani alifungua nini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bwana Meneja."

Lavender alikuwa mtoto wa Ikonge, wa nyumba ya wachuma chai. Alikuwa amefanya kazi Naivasha katika kampuni ya maua, akichunga seva za Windows, na kilichomrudisha nyumbani kilikuwa magoti ya mama yake, ambayo yalikuwa yameanza kukataa miteremko ya shambani. Alikodi chumba Nyakoe, karibu na kazi, na mwisho wa juma alikuwa akienda Ikonge kusaidia.

Chumba cha kompyuta kilikuwa chini, nyuma ya duka la dawa la hospitali. Humo alimkuta Onyancha, mwanamume mwembamba aliyekuwa akiikaribia hamsini, aliyevaa sweta hata jua likiwaka, mzee wa kanisa la Sabato na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Nyansiongo. Alikuwa ameketi mbele ya mashine moja kubwa iliyokuwa ikivuma. Ndani ya mashine hiyo mliishi seva pepe kadhaa, seva zisizo na mwili wao, zinazokaa pamoja kama wapangaji katika ploti moja, kila mmoja na mlango wake: moja ya kuandikisha wagonjwa, moja ya maabara, moja ya dawa.

Onyancha hakusimama. "Umekuja kunisaidia ama kunichunga?"

"Kusaidia, Bwana Onyancha."

Onyancha akasema, "Basi tafuta kiti."

Lavender alitafuta kiti, na hakusahau kwamba alikuwa amesema uongo.

Alifunga programu ya ufuatiliaji kwenye kila seva. Ilikuwa programu nzuri. Ilimwonyesha mapigo ya mashine zote kwenye skrini moja: ipi imechoka, ipi inakaribia kujaa, nani ameingia kwa nywila yake na kutoka saa ngapi, na kwa kuwa Bwana Ogeto alitaka hivyo, faili gani imefunguliwa na akaunti ya nani. Kila mwisho wa wiki programu ilikusanya hayo yote na kuyapanga ripoti yenye jina la Lavender juu yake. Bwana Ogeto aliipenda mno. Hakuwa mtu wa kusoma kwenye skrini, kwa hiyo karani wake, Marion, aliichapisha yote, naye akaipitia kwa kalamu nyekundu, na akishaisoma alimrudishia Marion aiondoe mezani. Katika mkutano mmoja wa wafanyakazi aliinua bunda la karatasi hizo na kusema kwamba sasa hospitali ina macho. Watu walipiga makofi. Onyancha hakupiga.

Miezi michache ilipita. Kisha maneno yakaanza.

Yalianzia Nyakoe, sokoni, na Lavender aliyasikia kabla hayajafika kwa meneja, kwa maana aliyesemwa alikuwa jirani yake. Mwalimu Nyanchera alikaa ploti ya pili kutoka kwake, mwanamke mtaratibu aliyefundisha darasa la kwanza na kuimba kwaya. Watu walianza kusema ana TB. Mama mmoja alimhamisha mtoto wake shule. Kanisani benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote mbili. Yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mtu hata mmoja kwamba alikwenda kupimwa.

Bwana Ogeto alimwita Lavender na kufunga mlango.

"Mwalimu alikuja hapa jana," alisema kwa sauti ya chini. "Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Aliniuliza tu nani hapa ndani anauza siri zake. Sikuwa na jibu. Wewe una jibu?"

"Bado."

"Onyancha ana funguo za kila kitu. Mimi sisemi ni yeye. Nasema mwangalie."

Lavender alikuwa na sababu yake ya kumwangalia, ambayo hakuwa bado ameitaja. Wiki hiyo hiyo mpangaji mpya alikuwa amehamia ndani ya mashine kubwa bila kubisha hodi. Ilikuwa seva pepe iliyoitwa KISIMA. Hakuna aliyekuwa ameiomba, haikuwa kwenye mpango wowote wa kazi, na kila ilipofika mchana, watu wakiwa kwenye chakula, ilikuwa ikifungua folda ya maabara na kunakili majibu ya wagonjwa, moja baada ya jingine. Programu ilionyesha wazi akaunti iliyoiunda. Ilikuwa ya Onyancha.

Alijaribu kuingia ndani yake. Ilimkatalia.

"Bwana Onyancha," alisema asubuhi iliyofuata, akijifanya anapanga nyaya, "naona tuna seva mpya. Kisima. Hiyo ni ya nini?"

Onyancha hakugeuza kichwa. "Hiyo ni yangu. Iache."

"Haiko kwenye mpango wa kazi."

"Ndiyo maana nimekwambia uiache."

Tangu hapo chumba kile kidogo kikawa na watu wawili waliopumua kwa kuviziana. Onyancha aligeuza skrini yake ikaangalia ukuta. Simu ikimlilia, alitoka nje kuipokea. Droo yake, ambayo zamani ilikaa wazi na biskuti ndani, sasa aliifunga na kutembea na ufunguo. Lavender naye alianza kuja mapema, kabla ya wote, akae peke yake na kupitia kila hatua ya akaunti ya mwenzake. Kila jambo dogo alilipa maana. Onyancha akicheka na mtu wa maabara mlangoni, alijiuliza wanacheka nini. Onyancha akinyamaza, alijiuliza ananyamazia nini.

Asubuhi moja Onyancha aliweka kikombe chake cha chai mezani taratibu.

"Jana umechungulia akaunti yangu tena," alisema. "Na juzi. Unafikiri wewe peke yako ndiye unajua kusoma kumbukumbu za mashine?"

"Ni kazi yangu kuangalia akaunti zote."

"Za wengine hukuzigusa." Alichukua kikombe na kunywa. "Sawa. Angalia."

Kama angekana kwa hasira, pengine Lavender angesita. Lakini utulivu wake ulimwasha. Aliona ni utulivu wa mtu aliyekwisha kuficha alichotaka kuficha. Aliandika kila kitu: jina la seva, akaunti iliyoiunda, majibu yaliyonakiliwa, tena mchana watu wakiwa nje. Katika orodha ya yaliyonakiliwa lilikuwamo jina la Mwalimu Nyanchera. Aliupeleka ukurasa huo kwa Bwana Ogeto mkononi.

Bwana Ogeto aliusoma mara mbili na hakuuliza swali. Onyancha aliitwa orofani, na aliporudi alikuwa na mlinzi nyuma yake. Alikuwa amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi ufanyike. Alichukua sweta lake la akiba na chupa ya chai. Alitoa ufunguo wa chumba akauweka mbele ya Lavender.

"Nitakwambia jambo moja," alisema, na mlinzi akangoja. "Maneno haya ya Nyakoe hayakuwako kabla hujaja. Nimeyahesabu hayo kichwani kwa muda. Nimekushuku, Lavender, lakini sikukushtaki, kwa sababu sikuwa na hakika. Wewe umekuwa na hakika haraka sana."

Akaondoka. Lavender alifunga akaunti yake, akaizima Kisima, na kujiambia kwamba mwizi akishikwa lazima aseme neno.

Kwa muda kulikuwa kimya. Bwana Ogeto alimsifu mbele ya watu. Kisha maneno yakaanza tena, na safari hii yalimhusu Josiah, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyakoe, aliyekuwa ameoa mwaka uliotangulia. Vijana walikuwa wakipita dukani kwake wakimuuliza kama anauza mbegu. Josiah alikuwa amepimwa uzazi hospitalini wiki hiyo hiyo, wakati Onyancha alikuwa Nyansiongo na akaunti yake imefungwa, na seva yake imezimwa.

Lavender alikwenda kwenye programu yake akatafuta nani aliyefungua faili ya Josiah. Walioifungua walikuwa watu wa maabara tu, waliopaswa kuifungua. Hakuna mgeni, hakuna mlango uliovunjwa. Akaanza kuwatazama wote. Aliwashuku vijana wa maabara, akamshuku Marion kwa sababu ya simu yake mpya, akafika hata kumshuku Bwana Ogeto kwa namna alivyopenda kujua mambo ya watu. Alipotembea kwenye korido aliona migongo tu. Usemi wa Onyancha ulimrudia akiwa anapiga mswaki, akiwa anapanga mstari wa maji: hayakuwako kabla hujaja.

Jioni moja, jua halijazama, alikuwa akipita sokoni Nyakoe kuelekea chumbani kwake. Alisimama kwa Damaris, mwanamke muuza njugu aliyekaa kwenye benchi karibu na wauza ndizi. Damaris alichukua karatasi kutoka kwenye rundo lililokuwa chini ya beseni, akaiviringisha ikawa pembe, akaikunja chini, akamimina njugu.

Lavender alitembea akitafuna. Zilipokwisha alitaka kuitupa karatasi, na kidole chake kikakutana na wino mwekundu. Aliikunjua.

Ulikuwa ukurasa wa ripoti. Aliyajua yale maandishi kwa sababu aliyachagua mwenyewe, na upana wa safu kwa sababu aliupima mwenyewe. Juu yake palisomeka: Ripoti ya Wiki, imetayarishwa na L. Kemunto. Chini yake lilikuwa jedwali la faili zilizofunguliwa. Watu wa maabara, kwa mazoea yao ya miaka, walikuwa wakiyahifadhi majibu kwa jina la mgonjwa na kipimo chake, na programu ya Lavender ilikuwa imenukuu kila jina kama ilivyolikuta, mstari baada ya mstari. Huyu damu. Huyu ini. Huyu mimba. Huyu VVU.

Alisimama katikati ya njia hadi mwendesha mkokoteni akamwomba apishe.

Alirudi kwa Damaris. "Mama, karatasi hizi unazitoa wapi?"

Damaris alimpima kwa macho. "Karatasi ni karatasi. Kwani kuna nini?"

"Nataka tu kujua."

"Ziko za shule, ziko za gazeti, ziko za hospitali. Kuna binamu yangu anafagia huko. Wakitupa, ananiletea. Hajaiba. Wanamwambia aondoe." Alilivuta beseni likafunika rundo. "Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nitakuletea magazeti mengi kuliko hizi. Nipe za hospitali tu."

"Hizo nyeupe zinashika vizuri kuliko gazeti," alisema Damaris, lakini aliona uso wa msichana ulivyokuwa. Alizichambua taratibu na kumpa. Katika rundo hilo Lavender aliupata ukurasa wa Josiah. Wa Mwalimu Nyanchera hakuuona. Huo ulikuwa umeshazunguka, na njugu zake zimeshaliwa.

Usingizi alioupata haukuwa usingizi. Jambo lililomsumbua halikuwa namna ya kurekebisha, maana hilo lilikuwa rahisi mno: angeliondoa lile jedwali kwenye ripoti, angezichoma zile karatasi, na hakuna ambaye angejua. Onyancha ameshabeba lawama. Maneno yangekufa yenyewe na watu wangesema, mnaona, tangu yule mzee afukuzwe kumetulia. Alilipindua wazo hilo, akaliona lina starehe, na starehe hiyo ndiyo iliyomtisha.

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alikwenda Nyansiongo.

Onyancha alikuwa akikatakata nyasi za ng'ombe nyuma ya boma. Alipomwona hakuacha kukata. Mkewe, Nyaboke, alimletea Lavender kiti na kumwekea mbali kidogo na mlango.

"Umetumwa uone kama nimeficha kompyuta ya hospitali kwenye nyasi?" alisema Onyancha.

"Sijatumwa, Bwana Onyancha. Nimekuja mwenyewe." Akampa ule ukurasa uliokunjamana. "Hii nilifungiwa njugu Nyakoe."

Onyancha aliweka panga chini, akajifuta mikono kwenye sweta, akasoma. Alisoma mpaka mwisho, kisha akatazama upande wa pili palipokuwa na chumvi ya njugu. Alikaa chini kwenye gogo.

"Kwa hiyo ilitokea hivi," alisema.

"Ni mimi," alisema Lavender. "Ni ripoti yangu. Sikuwahi kusoma majina yale kama majina ya watu. Niliangalia tu kama safu zimenyooka."

Nyaboke, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, alisema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, neno ambalo Lavender alilielewa vizuri na Onyancha akamwashiria anyamaze.

"Nami nikwambie la Kisima," alisema Onyancha. "Siku moja niliingia kwa Marion nikaona ripoti yako mezani. Niliona majina na vipimo vyao. Nikasema moyoni, huyu msichana anakusanya majina ya wagonjwa, na meneja ndiye aliyemtuma. Nikaunda seva pepe nyingine. Nilitaka kuhamisha majibu yote ya maabara humo, kila mgonjwa awe nambari. Ukikusanya, ukusanye nambari. Nilikuwa nikinakili mchana ili nisiwapunguzie watu kasi ya mashine wakifanya kazi."

"Uliona majina na hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Wewe ndiye niliyefikiri unayauza."

"Ungemwambia meneja."

"Ripoti ilikuwa ya meneja." Alikunja karatasi. "Nilifunga mlango nikajenga ukuta wangu ndani. Na huku nje watu wakiendelea kusomwa."

"Kama ungeniuliza, ningekwambia," alisema Lavender.

"Nawe ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza Kisima ni ya nini."

"Uliniuliza kama polisi," alisema Onyancha.

Ng'ombe alilia bandani. Baada ya kitambo Nyaboke alileta chai, akampa mumewe, kisha akampa na mgeni.

"Hii karatasi inabaki hapa," alisema Onyancha. "Usikasirike. Nakuamini nusu tu. Ukienda kumwona meneja kesho nami nibaki mikono mitupu, sijui nitasikia nini Jumanne."

"Ibaki," alisema Lavender. "Nilikuwa nimekuja ili ibaki."

Bwana Ogeto aliipokea karatasi ya Josiah kwa vidole viwili. Aliuona wino wake mwekundu na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Nani mwingine ameona?"

"Bwana Onyancha. Ukurasa mwingine uko kwake."

"Ulimpelekea yeye kabla ya kuniletea mimi?"

"Ndiyo, Bwana Meneja."

"Kwa nini?"

Lavender alitazama zulia. "Niliogopa ungeniambia nizichome. Na niliogopa ningekubali."

Bwana Ogeto alimtazama kwa namna Lavender aliyoijua, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa amemtazama Onyancha miezi yote ile: kama mtu anayejiuliza yule aliye mbele yake anamfanyia kazi nani. Kisha akamwita Marion, na Marion akaeleza bila kusita kwamba ndiyo, ripoti zikishasomwa huziweka kwenye katoni ya takataka, na mfagiaji huondoka na katoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia vingine. Alipoelewa kwa nini anaulizwa, alitoka kwenda kuitazama katoni.

Wenye hospitali walikutana. Onyancha aliitwa arudi. Lavender alipewa onyo, na meneja naye akapewa lake, ingawa la meneja lilisemwa kwa sauti ya chini. Uchapishaji wa ripoti ulikatazwa. Wafanyakazi ambao zamani walimpigia makofi sasa walinyamaza akiingia chumba cha chai. Binamu wa Damaris hakuguswa, na hilo Lavender ndiye aliyelipigania, akisema mtu aliyeambiwa aondoe takataka aliondoa takataka.

Walibaki wagonjwa wenyewe. Josiah hakutaka kuonana na mtu wa hospitali. Alituma neno kwamba akimwona mmoja wao mlangoni pake atammwagia maji. Mwalimu Nyanchera alikubali. Bwana Ogeto alipaswa kwenda, lakini siku hiyo alipata mkutano. Lavender alipofika langoni kwa mwalimu alimkuta Onyancha amesimama pale na sweta lake.

"Nami niliona nikanyamaza," alisema tu.

Mwalimu aliwasikiliza akiwa amesimama, madaftari ya wanafunzi mkononi. Lavender alimweleza yote bila kujipunguzia: programu, faili, karatasi, njugu. Alipomaliza, mwalimu alikohoa kidogo, akaona wote wawili wamegutuka, akatabasamu kwa uchungu.

"Hata nyinyi," alisema. "Majibu yangu yalitoka safi. Ni vumbi la chaki. Karatasi yenu ilisema nilipimwa, haikusema nilipatikana na nini. Lakini nani alingoja kuuliza?"

"Tumekuja kukuomba msamaha, mwalimu," alisema Lavender.

"Msiniombe hapa ndani. Hapa ndani sikuumizwa. Twendeni kule."

Wakaenda sokoni, watatu. Ilikuwa saa ambayo watu wananunua mboga za jioni. Lavender hakuwa amewahi kusema mbele ya watu wasiomwita kwa jina. Alisimama karibu na benchi la Damaris na kusema kwa Ekegusii cha kwao Ikonge kwamba yeye ndiye aliyetengeneza karatasi zilizotoka hospitalini, kwamba hazikupaswa kutoka, kwamba zilitaja vipimo na hazikutaja majibu, na kwamba aliyesoma jina la mtu humo akasema mtu huyo ni mgonjwa, alikuwa amesoma asichokiona.

Watu walisikiliza. Wengine walitikisa kichwa kwa masikitiko. Mwanamke mmoja aliyebeba kabichi alimgeukia mwenzake na kusema, hata hakushusha sauti, "Kama hana kitu, mbona hospitali imetuma watu wawili kuja kumtetea?"

"Pafukapo moshi," alisema mwenzake.

Lavender alitaka kujibu. Mwalimu Nyanchera alimgusa mkono asijibu. Alikwenda kwa Damaris, na Damaris, ambaye kwa miezi alikuwa akimpa njugu kwa kumwekea mwisho wa benchi, alisogea akampa nafasi ya kukaa. Mwalimu akakaa. Mwenye kabichi aliondoka. Wengine walibaki wakizungumza mambo ya mvua, na wawili watatu walimsalimu mwalimu kwa mkono. Yule mama aliyemhamisha mtoto wake shule alipita upande wa pili wa barabara na hakuvuka.

Kisima iliwashwa tena wiki iliyofuata. Safari hii walifanya kazi hiyo wakiwa wawili, mchana, mlango ukiwa wazi. Lavender aliisoma kila amri kwa sauti kabla ya kuiandika, na Onyancha aliitafakari kila moja kana kwamba ndani yake mnaweza kuwa na nyoka. Mara mbili alimwambia arudie. Mara moja Lavender ndiye aliyemwambia yeye arudie, naye akanung'unika na kurudia, na kweli palikuwa na kosa. Watu wa maabara walikuja wakafundishwa kuandika nambari badala ya majina. Walilalamika, kisha wakazoea.

Ripoti ya Jumatatu ilikuwa sasa ya nusu ukurasa, na ilibaki kwenye skrini. Lavender alimwomba Onyancha aisome kwanza, kabla haijaenda kwa meneja. Onyancha alivaa miwani, akaisoma mpaka chini, akarudi juu akaanza upya.

"Unatafuta nini?" aliuliza Lavender.

"Sijui bado," alisema Onyancha. "Sogea nione vizuri."

Lavender akasogeza kiti.